Nje Nne, Ndani C

Karatasi ya mnada wa magari kule Japani hutoa alama mbili. Ya kwanza ni namba, nayo huhusu gari zima: tano ni gari ambalo karibu halijaguswa, nne ni zuri, tatu na nusu lina mikwaruzo ya mtu anayeegesha kwa kusikiliza, na R ni lile lililogonga au kugongwa likanyooshwa. Alama ya pili ni herufi, A hadi D, na hiyo ni ya ndani tu. Mkaguzi hufungua mlango, hutazama viti, hunusa kama kuna moshi wa sigara, huinua macho kwenye dari, kisha huandika herufi yake na kwenda kwenye gari linalofuata. Ukiona C ujue kuna doa, tundu la sigara, au palikuwa na mbwa. Hakuna mahali kwenye karatasi hiyo panapoeleza kama gari likikanyagwa mafuta moyo unaruka. Hilo ameachiwa mnunuzi, na mnunuzi wa habari hii ni shemeji yangu.

Shemeji huyu, mdogo wake mke wangu, aliuza kiwanja Kigamboni. Ukoo mzima ulitegemea kusikia habari za tofali. Yeye akatangaza, tena mbele ya mama yake mzazi, kwamba anatafuta gari la spoti la milango miwili, na kwamba kazi ya kulichagua ataifanya na mimi. Sababu zake hakuzificha: mimi ninasoma sana, na nina kilo za kutosha kupima springi.

Alikuwa ameshachuja akabakiwa na mawili. La kwanza la Kijapani, lenye turbo, alama yake nne na C. La pili la Kijerumani, silinda sita, viti vya ngozi, tatu na nusu na A. Hilo la Kijerumani nalo lilipitia Japani. Lilikuwa la mtu wa Tokyo kabla ya kupandishwa meli. Majina ya magari yote mawili ninayahifadhi kwa heshima ya wenye nayo, maana mmoja wao bado anatafuta mteja.

"Shemeji," akaniambia, "hili linakimbia, lakini ndani ni plastiki tupu. Hili ndani ni hoteli, lakini halina njaa. Wewe uliyesoma, nifanyeje?"

Nikamweleza kwamba ugomvi wake ni wa zamani na una watu wakubwa. Mwaka 1987 Ferrari ilitoa F40, gari la kasi ya kilomita 324 kwa saa. Ndani halikuwa na zulia wala redio, gundi iliyounganisha vipande vyake ilionekana wazi bila aibu, na ukitaka kufungua mlango ukiwa ndani ulivuta kamba.

"Kamba?" shemeji akauliza. "Kama ya kufungia mbuzi?"

Nyembamba zaidi. Halafu nikamtajia Porsche 911 Carrera RS ya 1973. Kwenye toleo lake jepesi waliondoa viti vya nyuma, wakapunguza unene wa vioo, na badala ya mshikio wa mlango wakafunga mkanda wa kuvuta. Mpaka leo wapo wateja wanaolipa zaidi ili wapewe vichache zaidi. Huku kwetu gari lisilo na redio, kiti cha nyuma wala mshikio wa mlango linaitwa bovu, na bei yake hushuka kabla dalali hajamaliza salamu. Lotus Elise ya 1996 ilikwenda mbali zaidi: ukiingia unakanyaga na kugusa aluminiamu ya chasisi yenyewe, na gari zima lilikuwa na kilo mia saba na ishirini na kitu. Shemeji akapiga hesabu ya mimi, yeye na mizigo ya msibani, akaona tutakuwa tumelibeba sisi.

Upande wa pili nikampa mfano wa Audi TT, lililoingia sokoni mwaka 1998. Watu waliingia humo wakasahau kutoka. Matundu ya hewa ya duara yenye pete za aluminiamu, swichi zilizochongwa kwa mkono wa subira. Waandishi wa magari waliandika habari za dashibodi kwa lugha ya mahaba. Kisha, kwenye barabara kuu za Ujerumani, baadhi ya magari hayo yakaanza kuteleza nyuma kwenye mwendo mkali, na watu wakafa. Audi ikayaita yarudi karakana, ikayafungia bawa dogo juu ya buti na kuyawekea mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza.

"Kwa hiyo," shemeji akasema, "kuna gari la kasi lenye kamba, na kuna gari la uzuri lililohitaji bawa. La katikati je?"

La katikati lipo, nikamwambia, ila kiwanja cha Kigamboni hakilifikii.

Basi tukaanza na la Kijapani. Mwenye nalo ni mfanyakazi mwenzake, akaliachia mwisho wa juma na kuchukua la shemeji kama rehani. Kuingia kwenyewe kulikuwa na utaratibu: unatanguliza mguu, unateremka, unateremka tena ukidhani umefika, kisha kiti kinakupokea. Kilikuwa kiti chembamba cha mashindano chenye mbavu zilizoinuka pande zote mbili ili dereva asiyumbe kwenye kona. Mbavu hizo zilipimwa kwa kiuno cha kijana wa Osaka. Mimi niliingia nusu, nusu nyingine ikabaki juu ikisubiri maamuzi.

Shemeji akawasha. Kabla injini haijatulia, sauti ya mwanamke ikazungumza Kijapani, kwa adabu sana. Kila aliyewahi kumiliki gari kutoka Japani anamfahamu mama huyu: anaarifu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Amekuwa akiiulizia kadi hiyo tangu alipoteremshwa bandarini, na hajakata tamaa. Redio nayo ilikuwa ya masafa ya kwao, inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo sehemu kubwa ya stesheni za jiji haikuwepo. Tulibaki na mama wa kadi na mlio wa plastiki. Dashibodi ililia kulia, mlango ukajibu kushoto, na kitu fulani nyuma ya kiti, ambacho hatukukipata hata kwa tochi, kilikuwa kinagonga kwa mpangilio.

Lakini injini! Siwezi kuidhulumu. Tulikuwa Barabara ya Bagamoyo, asubuhi ya Jumamosi, magari machache. Shemeji akakanyaga, mshale ukapanda, turbo ikaamka, na mambo yote tuliyokuwa tunayalalamikia yakanyamaza, au pengine hatukuyasikia tena. Nilihisi tumbo langu likibaki Tegeta. Shemeji alikuwa anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, hata siku ya harusi yake. Furaha hiyo ilidumu mpaka kwenye tuta. Alipunguza mwendo, akalikabili ubavu ubavu kama walivyo wenye magari yaliyolala, na bado chini pakakwaruza kwa sauti iliyowafanya wauza madafu wageuke.

Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Alikuwa na tochi yake ya kupimia mwendo, na tochi ilikuwa imesoma 38, mahali panaporuhusiwa 50. Aliitazama, akalitazama gari, akaitazama tena.

"Mbona linanguruma hivi?"

"Ni ekzosi tu, afande," shemeji akasema. "Mwendo ni mdogo."

"Naona mwendo ni mdogo. Ndiyo maana nauliza."

Akainama dirishani. Akabonyeza dashibodi kwa kidole, ikalia. Akatazama kiti changu, akanitazama na mimi ndani ya kiti changu. "Bei gani hii?" Shemeji akataja. Afande akanyamaza kidogo. "Na hii ndiyo ndani yake?"

"Ndiyo, afande."

Akarudisha leseni kwa upole ambao sikuuzoea. "Haya, nendeni. Mungu awatangulie."

Shemeji hakusema neno mpaka karibu na Mwenge. "Bora angeniandikia ile faini ya elfu thelathini," akasema.

Jumapili ndiyo mama mkwe akaingia katika mambo haya. Kulikuwa na kipaimara cha mjukuu wake Kimara, na shemeji akaona ni nafasi nzuri ya kumlainisha mama aliyekuwa bado anaulizia tofali. Akamfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. Mimi nikajikunja nyuma, mahali ambapo watengenezaji wanapaita kiti na mifugo ingepaita uonevu. Kuingia mama hakupata taabu, kwa sababu kuingia katika gari lile ni kuanguka tu. Kazi ilikuja tulipofika kanisani.

Msomaji anajua mila. Mkwe haguswi. Mkwe hatazamwi akihangaika. Mama mkwe wangu alikuwa amevaa kitenge cha kushona chenye mkia wa samaki, mbavu za kiti zimemkamata nyonga zote mbili, kizingiti cha mlango kiko juu ya magoti, na mimi niliyetoka nyuma kwa kupitia upande wa dereva ndiye mwanamume pekee aliyekuwa karibu, kwa maana shemeji alishakwenda kusalimia wageni akizungusha ufunguo kidoleni.

"Baba," mama akaniambia, "hebu geuka uangalie kule."

Nikageuka. Nikaangalia kule kwa bidii. Nyuma yangu nilisikia pumzi, kimya, pumzi, na jina la Yesu likitajwa si kwa ibada. Kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kuingilia. Mwishowe wakaja wazee wa kanisa wawili na mama mmoja wa umoja wa wanawake, wakashauriana, wakaamua kumzungusha kwanza miguu. Alipotoka alijipangusa, akarekebisha kilemba, akalitazama gari.

"Mnataka kununua gari," akasema, "au mtego?"

Kwa hiyo wiki iliyofuata tukaenda kuona la Kijerumani. Lilikuwa kwenye yadi isiyo na mti hata mmoja, saa saba mchana, vioo vimefungwa. Dalali akafungua mlango na harufu ya ngozi ikatoka ikatusalimia kabla yake. Shemeji alikuwa amevaa kaptula. Ngozi nyeusi na jua la Dar es Salaam wana mapatano yao ya siku nyingi. Alikaa, akasimama, akakaa tena kwa awamu, kwanza upande mmoja, akisubiri, kisha wa pili. Usukani aliushika kwa leso.

Lakini kiyoyozi kilipoanza kufanya kazi na mlango ukafungwa, ule mlio mzito wa mlango uliotengenezwa na watu waliolipwa kwa wakati, kelele zote za barabarani zikakatika. Bodaboda zilipita mbele yetu midomo ikienda, bila sauti. Shemeji akafumba macho. Dalali akatoka nje akapiga simu zake, akarudi, bado tumekaa. Nilimwelewa shemeji. Kiti kile kilishika mgongo bila kuuliza maswali.

Taabu ilianza niliposhika mshikio wa mlango ili nishuke: haukuniachia. Plastiki za magari mengi ya kifahari ya miaka ya 1990 na 2000 zilipakwa tabaka laini la poliyurethani ili kidole kidanganyike. Tabaka hilo likikaa miaka katika joto na unyevu huvunjika, likalainika na kunata. Waliolibuni walikuwa wanaishi kwenye baridi. Karatasi ya mnada ilisema A, na sina shaka siku ile Tokyo ilikuwa A kweli. Ila herufi haikupakwa dawa ya kustahimili masika ya Pwani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, natoka hapo naelekea kwenye kikao cha harusi ya jirani. Nilifika na kiwiko cheusi mpaka begani. Wajumbe wakajua nimesukuma gari njia nzima, na baada ya kikao mwenyekiti akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa kupunguziwa ahadi yangu ya mchango. Nikakubali.

Kitambaa cha dari nacho kilikuwa kimeachana na dari. Gundi ilishachoka joto, kitambaa kikashuka taratibu mpaka kichwani kwa shemeji, akawa amekaa kama bibi harusi. "Bosi, hiyo ni pini mbili tu," dalali akasema, na kweli alikuwa nazo mfukoni, jambo lililonifanya nijiulize ni wangapi walitutangulia. Kwenye dashibodi iliwaka taa moja ya njano, ikafuatiwa na nyingine. Dalali akasema hizo huwa zinawaka.

Tukalitoa barabarani. Nguvu lilikuwa nazo, lakini za kiungwana. Unakanyaga, linatafakari, linakubali. Kwenye foleni ya Mwenge tulisimama muda mrefu kiasi cha shemeji kuimaliza hewa baridi ya mapenzi yake. Bajaji ikatupita kushoto. Mkokoteni wa miwa ukatupita kulia. Na hapo, tukiwa tumesimama, nikaelewa kwamba la Kijapani lingesimama vilevile, nyuma ya bajaji ileile, na tofauti pekee ingekuwa nani ana jasho na nani hana.

Nikamwambia hivyo. Kwamba kasi katika jiji hili ni kitu unachokimiliki bila kukitumia, ilhali kiti unakitumia hata ukiwa hujakwenda popote. Kwamba hata Wajapani wenyewe waliifunga: tangu 1989 mpaka 2004 watengenezaji wao walikuwa wameelewana kwamba gari la kuuzwa nyumbani lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280, na mashine nyingi zikafungiwa zisipite kilomita 180 kwa saa. Kwamba petroli waliyoitumia kuzichuna nguvu hizo ilikuwa ya oktani 100. Na kwamba ndani njema si ngozi. Ni kiyoyozi kinachofanya kazi, kioo kinachoonyesha nje, kiti unachoweza kukitoka mbele za watu. Nilijiona nimesema vizuri.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza habari ya picha. Alipokuwa mdogo Moshi alikata kutoka gazetini picha ya Subaru Impreza ya bluu yenye maandishi ya njano, ile ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. Aliibandika ukutani kwa ugali, panya wakaila kuanzia pembeni, lakini gari lilibaki.

"Ndani ya gari lile kulikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Mabomba ya chuma. Viti viwili. Vumbi."

"Na kiyoyozi?"

"Shemeji, wewe umesoma sana."

Akanunua la Kijapani. Sikushangaa, na nikiwa mkweli, nilifurahi kidogo. Kicheko kile cha Barabara ya Bagamoyo hakikusikika hata mara moja kwenye ngozi. Spea zake zinapatikana Gerezani bila kumpigia mtu simu Ulaya. Mama wa kadi alinyamazishwa na fundi wa redio kwa kukata waya, ingawa gari likipita kwenye shimo kubwa huwa anasema neno moja.

Kilichobaki ilikuwa ile C, na mama. Shemeji akalipeleka gari Keko, kwa fundi wa makochi, mtu anayeheshimika ambaye hajawahi kutengeneza kiti kinachokwenda. Fundi alikizunguka kiti cha mashindano, akakibonyeza, akauliza mgonjwa ni nani. Alipoelezwa kazi akachukua futi kamba, akampima shemeji, akanipima na mimi, akaandika vipimo vyangu kwa rangi nyekundu. Akazikata mbavu za viti vyote viwili vya mbele. Akaongeza sponji ya kitanda. Kitambaa alichokuwa nacho cha kutosha kilikuwa cha velveti, rangi ya damu ya mzee, chenye maua ya dhahabu, kilichobaki kwenye seti ya makochi ya mteja wa Mbezi. Akaweka na mto wa mgongo, hakuutoza.

Viti sasa viko juu sana. Kichwa cha shemeji kinagusa dari, kwa hiyo kwenye kasi huendesha amekiinamisha upande, na wanaopishana naye hudhani anasikiliza jambo. Kwenye kona hana kinachomshika, huteleza na velveti mpaka mlangoni. Bawa la nyuma lipo, tundu la hewa juu ya boneti lipo, ekzosi inanguruma mpaka kuku wanakimbia, na dirishani kunaonekana sebule.

Jumapili iliyopita alikwenda kumchukua mama yake. Mimi nilikuwepo, nimesimama tayari kutazama kule. Mama akafunguliwa mlango, akainama, akapitisha kiganja juu ya maua ya dhahabu, akabonyeza sponji mara kadhaa, akakagua na mishono ya pembeni. Alikubali kwamba hiyo ni kazi ya mikono. Akaomba namba ya simu ya fundi, akasema anataka seti nzima ya sebuleni kabla ya Pasaka, na kama anaweza kupata kitambaa hichohicho. Halafu akafunga mlango taratibu, akaita bajaji.